Matabishi ya Kinywa

Mwanamke aliyepimiwa chumvi na Mama Mwamini hakuondoka mara moja. Kopo lilijazwa, likasawazishwa kwa kiganja, likamwagwa katika bakuli. Malipo yakapita mkono hadi mkono. Na bado mnunuzi alisimama pale pale, bakuli wazi. Alikuwa anangoja matabishi.

Katika soko la Manika, hapa Kolwezi, hakuna aliyehitaji kuelezwa matabishi ni nini. Ni ile nyongeza ndogo isiyomo katika bei, ambayo muuzaji mwenye adabu hamnyimi mtu, hata ikiwa ni punje chache za maharagwe au dagaa mmoja aliyevunjika kichwa. Ukimwacha mtu asimame na bakuli wazi mpaka achoke na kwenda zake, jioni soko zima litakuwa limesikia, na kesho yake utauza kwa nzi.

Kwa Mama Mwamini, muuza chumvi, maharagwe na dagaa, Mungu amrehemu na ampanulie kaburi lake, matabishi yalikuwa mawili. Kwanza ya mkono: vidole vitatu vya chumvi, vilivyoshikamana vizuri, si vile vidole vya ubahili vinavyoachia njiani. Kisha ya kinywa: neno moja la kujua, jipya kila siku. Kila aliyenunua siku hiyo alipewa lilelile, tajiri na maskini.

"Chukua na hili," alisema. "Neno meza si la kwetu. Lilikuja na Wareno, na wao wanaita mesa."

"Na mbele ya Wareno tulikula wapi?"

"Chini, kwenye mkeka."

"Basi Wareno balileta neno, meza yenyewe wakaisahau ku mashua," alidakia Fidélie kutoka meza ya pili. "Kwangu tungali tunakula chini."

Fidélie aliuza sombe, majani ya muhogo aliyoyatwanga papo hapo kinuni. Miaka ile nchi ilipoitwa Zaïre, serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, kila mtu atafute jina la mababu. Naye aliandikisha jina la bibi yake, akarudi sokoni, na soko likaendelea kumwita Fidélie kana kwamba halikusikiliza radio. Kazi yake nyingine, ambayo hakulipwa, ilikuwa kumtania jirani yake. "Mama huyu angekuwa anaongeza chumvi badala ya maneno," alisema, "sisi wote tungekuwa na mgonjwa wa presha nyumbani." Lakini kila asubuhi, kabla hata ya kufunua majani yake, yeye ndiye aliyeuliza kwanza: "Leo tunajua nini?"

Hata neno matabishi lenyewe liliwahi kuwa matabishi. Mwamini alieleza kwamba lilivuka kutoka Angola pamoja na watu wa reli; kwa Kireno ni kuua mdudu, maana yake kile kinywaji kidogo cha asubuhi kinachomnyamazisha mdudu wa njaa tumboni. Siku hiyo wanawake walicheka mpaka mchana, kila mmoja akiomba auliwe mdudu wake.

Hakuwa amesoma sana. Alipita chuo cha Kurani utotoni, akajifunza herufi za Kifaransa kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa bidhaa. Mengine aliyapata kwa masikio. Mume wake, Alfani, aliendesha lori la magunia kwenye barabara inayofuatana na reli, Mutshatsha mpaka Kisenge. Wake wa madereva wengine huulizia kitenge. Mwamini alimpokea Alfani kwa maji ya kunawa na swali moja: "Umeniletea neno gani?" Na Alfani, mtu mpole asiyependa kurudi mikono mitupu, alikuwa akiwahojihoji watu njiani kwa ajili ya mkewe. Kutoka Kisenge alileta habari kwamba yale mawe meusi wanayochimba kule, manganezi, ndiyo yanayotiwa ndani ya betri za tochi na radio. Kwa siku nzima watu wa Manika walipasua betri zilizokufa kuona kama ni kweli, na watoto wakarudi nyumbani na midomo myeusi.

Alfajiri, baada ya sala, Mwamini alibaki kidogo juu ya msala, akachagua neno la siku huku vidole vikihesabu tasbihi. Dini inafundisha kwamba neno jema ni sadaka, naye alilichukua jambo hilo kama lilivyo. Wengine hutoa sadaka Ijumaa; yeye alitoa kila alipopima chumvi. Alikuwa mwanamke mwenye furaha ya kimya. Alipenda kuona mtu anaondoka na bakuli kichwani, midomo ikirudiarudia alichosikia ili asikipoteze kabla ya kufika.

Miongoni mwa maneno yake yote, moja alilitunza kama nguo ya Idi. Hakulitoa ovyo. Lilikuwa la mgeni aliyehamia mtaani, la bibi harusi, la mtoto anayekwenda mbali. Lilitoka kwa babu yake, Mzee Amadi wa Nyangwe, kule Maniema, ambako mto Lualaba ni mpana na watu wa mwambao walifanya soko lao zamani. Babu alimpakata mjukuu wake ukingoni na kumwambia: "Unaona maji haya? Yanakwenda Misri. Maji haya ndiyo yaliyombeba Nabii Musa ndani ya kisanduku." Mwamini alipoolewa na kuja Kolwezi, akakuta Lualaba uleule ukiwa bado mchanga, akalia kwa furaha. Kumbe alikuwa amehamia karibu na kichwa cha mto wa babu.

Neno hili ndilo alilompa Elise.

Elise alikuwa binti wa Tshibola, na Tshibola alikuwa rafiki wa Mwamini. Wazazi wa Tshibola walitoka Kasai wakati wa kuchukuliwa wafanyakazi wa migodi. Mumewe naye alifanya kazi mgodini. Jumapili familia yote ilivaa vizuri na kwenda kanisani. Mmoja alisali Ijumaa, mwingine Jumapili, na katikati ya wiki walishonea nguo kwenye cherehani moja. Wakati wa Ramadhani Tshibola alikuwa akiwakemea watoto wake wasile mbele ya nyumba ya Mwamini. Krismasi, Mwamini alituma sahani ya pilau, kubwa kiasi cha kubebwa na watu wawili.

Mwaka ule Elise alipanda kidato, msichana wa kwanza katika ukoo wa Tshibola kufika huko. Mama yake akampeleka sokoni kununua maharagwe ya sherehe, bakuli likasimama wazi, na Mwamini akafikiri, kama si leo, lini tena? Akamwinamia yule mtoto. "Chukua na hili, na usilipoteze. Mto wetu Lualaba unakwenda Misri."

"Misri ya Biblia?" Elise aliuliza, macho yakapanuka.

"Misri ya Biblia na ya Kurani. Ni moja tu."

Tshibola alifurahi kuliko mtoto. Alilipeleka neno lile mpaka kwa mchungaji wake.

Basi haukupita muda, Tshibola akaja sokoni asubuhi bila bakuli. Mkononi alishika kipande cha karatasi kilichokunjwa. Hakusalimu, na kwa mwanamke wa Kasai kupita bila kusalimu ni sawa na kuvunja sahani.

"Mama Elise! Karibu. Habari ya..."

"Minakuya kurudisha."

Alifungua ile karatasi juu ya rundo la chumvi la Mwamini. Vidole vitatu vya chumvi vikaanguka juu ya chumvi nyingine, na kinu cha Fidélie kikanyamaza.

Lazima ieleweke jambo hilo lilimaanisha nini. Bidhaa mbovu hurudishwa, na watu wakagombana, na kesho wakanunuliana tena. Lakini matabishi ni mkono wa moyo. Sokoni kwetu, anayerudisha matabishi amesema bila kusema: kati yangu na wewe, imekwisha. Na aliyerudishiwa haruhusiwi kwenda na bidhaa yake mlangoni pa mwenzake kumbembeleza. Ingekuwa kujidhalilisha, na mwenzake angekuwa na haki ya kuimwaga barabarani.

"Ya mukono njo hii," Tshibola alisema. "Ya kinywa siwezi kuimwaga. Iko mu kichwa ya mutoto yangu. Iondoe wewe mwenyewe, kama unaweza."

"Mama Elise, nimekosa nini?"

"Mwalimu aliuliza darasani: Lualaba inafika wapi? Mutoto yangu alisimama mbele ya bote. Kifua mbele. Akasema: Misri! Alisikia ku mama mukubwa, si kwa mutu wa njia. Batoto balicheka mpaka mwalimu akapiga meza. Sasa banamuita Farao. Akipita barabarani: Farao, maji yako ilifika? Iko inalala nyumbani na uso ku ukuta. Masomo hataki tena. Haya, ile matabishi yako ni tamu?"

Akageuka, akaenda. Hakuna aliyecheka. Fidélie alichukua mchi, akauweka chini tena.

"Lakini ni kweli," Mwamini alisema, si kwa mtu yeyote. "Babu yangu alisema."

Siku nzima alipima chumvi na mkono wake ulikuwa mzito. Wanunuzi walisimama, akawapa ya mkono. Ya kinywa haikutoka. Kilichomuuma kilikuwa na vichwa viwili. Akishikilia neno la babu, atampoteza Tshibola, na mtoto wa watu atabaki uso ukutani. Akiliachia, amemwita babu yake mwongo, na babu alikuwa kaburini, hawezi kujitetea. Na nyuma ya vichwa hivyo viwili kulikuwa na hofu ya tatu, ndogo kama mwiba: je, sadaka yake ya miaka yote ilikuwa imeoza?

Jioni Alfani alirudi kutoka Mutshatsha. Alipokwisha kunawa, akangoja lile swali la kawaida, na halikuja.

"Mke wangu, leo huulizi?"

Akamweleza. Alfani akatafuna ugali wake polepole. "Mi napita daraja ya Lualaba kila safari," alisema mwishoni. "Maji inapanda kaskazini. Na Misri iko kaskazini. Lakini mama, kaskazini ni kubwa. Lori yangu nayo inaangalia magharibi ikitoka hapa, na haijafika baharini."

"Unasema babu alikosea?"

"Minasema mi sikufika. Muulize mwenye kufika."

Alfajiri Mwamini aliomba jambo moja tu, kwamba apewe moyo wa kusikia jibu lolote litakalokuja. Kisha akamwachia Fidélie rundo lake la chumvi ("Usiongeze maneno, pima tu," na Fidélie akajibu, "Maneno yangu mi nauza peke yake"), akajitanda khanga yake safi na kwenda shuleni.

Mwalimu Numbi alikuwa kijana mwembamba aliyevaa abakosi ya kijivu, lile koti lisilovaliwa tai, vumbi la chaki mikononi. Alipomwona mwanamke wa sokoni mlangoni wakati wa mapumziko, alidhani amekuja kugombana, akaanza kujitetea: "Mama, mi sikumucheka mutoto. Niliwanyamazisha. Lakini darasa ni darasa."

"Sikuja kwa ugomvi, mwalimu. Nimekuja kuuliza. Nionyeshe mto."

Ukutani kulikuwa na ramani kubwa, ya zamani. Majina mapya ya nchi na miji yalikuwa yameandikwa juu ya vipande vya karatasi na kubandikwa juu ya yale ya kikoloni, kwa hiyo nchi ilionekana kama nguo yenye viraka. Mwalimu aliweka kidole kusini. "Hapa ni sisi. Maji inatoka kusini kwetu kidogo, inapita Nzilo, inapanda. Bukama. Kongolo. Hapa ni kwenu."

"Nyangwe." Mwamini aliisoma mwenyewe, kwa sauti.

"Nyangwe. Halafu Kindu. Inapanda, inapanda, mpaka Kisangani. Na pale inageuka."

"Inageuka?"

"Inageuka magharibi. Inapinda kama upinde, inashuka, mpaka bahari ya Atlantiki. Ule mto Zaïre unaosikia kwenye radio, mama, njo huyuhuyu Lualaba. Ikifika kule inabadilisha jina, kama bibi harusi."

Mwamini alifuata kidole kile kama mtu anayemsindikiza ndugu kituoni. Misri ilikuwa juu kabisa, pembeni, na mto ulikuwa umeipa mgongo.

"Haigusi Misri?"

"Haigusi."

"Hata kidogo?"

"Hata tone, mama."

Akakaa kwenye dawati la mbele, ambalo lilikuwa dogo kwake. Hakulia. Alisema tu, "Basi nimewalisha watu neno bovu kwa miaka. Na babu yangu alinilisha mimi."

Mwalimu Numbi akauliza: "Babu yako alikuwa wa Nyangwe kabisa?"

"Alizaliwa pale. Na baba yake aliuza soko lilelile la ukingoni."

"Basi ngoja." Akarudi kwenye ramani, sasa amechangamka, amesahau hata mapumziko. "Miaka mia moja iliyopita, msafiri mmoja Mwingereza, Livingstone, alikaa Nyangwe miezi kadhaa akitafuta mitumbwi. Alikuwa mgonjwa, amechakaa, lakini alikuwa na dira na vitabu. Alisimama ukingoni pale, akaangalia maji haya yanayopanda kaskazini, akatumaini kwamba ni mto wa Misri. Shaka haikumwisha, lakini alitumaini. Alikufa bila kuona mwisho wake. Mwingine alikuja baadaye, akaufuata kwa mitumbwi mpaka baharini, njo ikajulikana. Kwa hiyo, mama, baba ya babu yako alisikia vizuri. Ilisemwa kweli, pale pale, sokoni kwao. Ila haikuwa kweli."

Mwamini akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Babu hakusema uongo. Babu alipokea matabishi mabovu kutoka kwa baba yake, na baba yake kutoka kwa mgeni, akayatunza vizuri.

"Mwalimu," alisema akisimama, "na mimi nipe la kwangu. Nisitoke na bakuli tupu."

Mwalimu akafikiri. Akaonyesha mstari uliokata ramani katikati. "Hii ni ikweta. Mto wetu unaivuka ukipanda, halafu ukigeuka unaivuka tena ukishuka. Mara mbili."

"Mara mbili," alirudia Mwamini mlangoni.

"Na mama! Mwambie Elise kiti chake kiko."

Siku iliyofuata, kabla hajapima hata kopo moja, Mama Mwamini alisimama juu ya sanduku lake la chumvi. Alikuwa mnene, na sanduku lililalamika.

"Ndugu zangu! Wote niliowapa neno la Misri, nisikilizeni. Halikuwa kweli. Mto hauendi Misri. Nalichukua neno langu, nawapa lingine."

"Matabishi hairudi!" soko likapiga kelele kwa pamoja, maana ndiyo kanuni.

"Basi lishikeni, lakini msilile!"

"Mimi ulinipa siku ya harusi yangu," alilalamika mwanamke mmoja. "Sasa harusi nayo iko bovu?"

"Mimi nimeshalipeleka mpaka Lubudi, kwa bakwe zangu. Baba mukwe amelisema kwenye mkutano. Minafanya nini sasa?"

"Usirudi Lubudi," Fidélie alimshauri. "Kaa hapa, nunua sombe."

Mwamini aliona, kwa mara ya kwanza, jinsi maneno yake yalivyokuwa yamesafiri. Yalipanda garimoshi bila tiketi na kushuka kila kituo. Kwa hiyo kila mnunuzi wa siku ile alipata vidole vitatu vya chumvi, na mto unaovuka ikweta mara mbili, na habari ya mgeni mgonjwa wa Nyangwe. Na Alfani alipoondoka na lori, alikuwa na agizo la kusimama kila alipozoea kusimama na kusema. Alisema Mutshatsha. Alisema Kisenge. Wachuuzi wa makaa njiani walimwona dereva yule mkimya akishusha kioo na kutangaza, "Mke wangu anasema haiendi Misri!" kisha akatia gia na kwenda zake, na wengi hawakujua mpaka leo ni kitu gani kisichokwenda Misri.

Lakini Tshibola hakuonekana. Alinunua chumvi upande wa pili wa soko, na Elise alibaki nyumbani.

"Neno umelitengeneza," Fidélie alisema kwa upole usio wa kawaida yake. "Mutu bado. Na kwake huwezi kwenda. Kanuni njo kanuni."

"Kanuni inasema nisiende na bidhaa," alijibu Mwamini. Aliinuka, akajifunga khanga. Akachukua bakuli lake tupu.

Fidélie alitazama lile bakuli, akaelewa, akapiga kofi mapaja yote mawili. "Ee, mama huyu! Nenda! Nenda mbio!"

Tshibola alikuwa na biashara yake ndogo, karanga za kukaanga alizouza mlangoni, kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi. Alikuwa ameinamia kikaango alipoona kivuli. Akainua macho, uso ukafunga.

"Hodi, Mama Elise. Nimekuja kununua karanga."

Kumfukuza mnunuzi kulikuwa kubaya kama kumnyima matabishi. Tshibola akajaza kopo, akamwaga, akapokea malipo bila kugusa vidole vya mwenzake. Akarudi kwenye kikaango.

Mwamini hakuondoka. Alisimama na bakuli wazi.

Karanga zilikorogwa, zikapasuka. Jirani wa kwanza akatoka nje, akaegemea mlango wake. Wa pili akatoka. Bakuli lilikuwa bado wazi.

"Banakuangalia, Tshibola," jirani mmoja alisema, akifurahia.

Tshibola akashika karanga chache, akazitupa bakulini. "Haya. Umepata."

"Aksanti. Ya mkono nimepata. Bado ya kinywa."

"Mi sina ya kinywa! Mi si wewe!"

"Nitangoja."

"Utangoja mpaka kesho?"

"Nina karanga," Mwamini alisema, akatafuna moja.

Jirani wa pili alicheka kwa sauti, na mdomo wa Tshibola ukaanza kumsaliti pembeni. Aliukaza haraka. Ndipo sauti ikatoka ndani ya nyumba, nyuma ya pazia: "Mama Mwamini, babu yako alikuwa mwongo?"

"Hapana, mwanangu," Mwamini alijibu pazia lile. "Alidanganyika. Na unajua alidanganyika pamoja na nani? Njoo nikwambie, maana siwezi kupiga kelele, mdomo umejaa karanga."

Elise akatoka. Macho yalikuwa yamevimba kidogo. Akakaa kizingitini, na Mwamini akakaa juu ya kigoda alichokuwa amesogezewa na mguu wa Tshibola, kwa namna ambayo yeyote angeweza kusema kigoda kilijisogeza chenyewe. Akamweleza yote: mgeni mwenye dira, soko la ukingoni, mto unaopanda na kuahidi Misri, kisha ukageuka. "Kwa hiyo wewe hukukosea peke yako. Umekosea pamoja na bingwa mzima wa Uingereza, na kosa lako ni la zamani kuliko shule yako. Wakikuita Farao, waulize: kati yenu nani anajua kwa nini watu walifikiri Misri? Hawatajua. Kosa wanalijua. Mzizi wake unao wewe."

Elise akauliza polepole, akikunja uso kama mtu anayejaribu kiatu: "Bataniambia: na mwisho wake ni wapi?"

"Hapo utawaambia bahari ya Atlantiki, kwa kuvuka ikweta. Mara mbili. Ukipanda na ukishuka. Kiti chako kiko, mwalimu amesema mwenyewe."

Tshibola alikuwa ameacha kukaanga. Karanga zilianza kuungua na hakuna aliyejali. Alisema kwa sauti ya chini, "Ulikwenda shuleni?"

"Nilikwenda."

"Wewe? Mbele ya mwalimu? Kusema umekosea?"

"Nilikaa hata kwenye dawati. Karibu walikate na msumeno kunitoa."

Tshibola akafunika uso kwa kitenge, mabega yakaruka, na haikujulikana ni kilio au kicheko mpaka alipofunua. Halafu akaona moshi. "Karanga yangu!"

Kabla Mwamini hajafika mbali, Elise alimfuata barabarani. "Bado hatujakupa ya kinywa," alisema. "Kwetu Kasai, mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Mbuyi na wa pili ni Kabanga. Wewe hukujua."

"Sikujua jina la pili," alisema Mwamini, na hilo lilikuwa kweli. Akarudi nyumbani akiyarudiarudia yote mawili midomoni.

Jumatatu Elise alikwenda shuleni. Jina la Farao lilimfuata mwezi mzima, kisha likageuka heshima, kama majina ya utani yanavyofanya yakikosa wa kumuuma.

Na Jumatatu hiyohiyo, soko likiwa limechangamka, Tshibola alisimama mbele ya rundo la chumvi. Alisalimu. Aliuliza habari ya nyumbani, ya Alfani, ya barabara ya Mutshatsha, salamu ndefu za mtu anayelipia siku alizopita bila kusalimu. Akapimiwa kopo lake. Akapokea vidole vitatu, na Mwamini akaongeza cha nne. Kisha bakuli likabaki wazi.

Mwamini akafungua mdomo. Neno alilokuwa amelichagua alfajiri lilikuwa limetoka kichwani, lote.

"Limenikimbia," alisema.

"Haya!" Fidélie aliita soko. "Kuyeni muone! Kisima kimekauka!"

"Mi nitangoja," Tshibola alisema. Akaweka bakuli chini, akakaa juu ya gunia, akaanza kumsaidia kufukuza nzi kwenye dagaa.

Neno lilirudi adhuhuri, Mwamini alipokuwa anatawadha, maji yakiwa bado yanamtiririka kwenye viwiko. Alirudi na kusimama mbele ya rafiki yake. "Nimelipata. Lile neno la Kifaransa, salaire, limetoka katika chumvi. Zamani kule Roma, jina la mshahara lilizaliwa na chumvi."

Tshibola alifikiri. Alimfikiria mumewe, mgodini, na bahasha yake ya mwisho wa mwezi.

"Kumbe!" alisema akiinuka na bakuli lake. "Miaka yote bwana yangu analeta chumvi nyumbani, na mi minakuya kununua kwako!"

Kicheko chao kilifika mpaka upande wa pili wa soko, kwa yule muuzaji mwingine wa chumvi, ambaye aliinua shingo kutazama ni nini kimetokea.